Rivyuu: kuchangia kundi la dansi la jamii kila mwezi, je inalipa?

Watu wanarivyuu simu, sabufa, mpaka chaja, mi leo narivyuu mchango. Ndio, mchango. Kuna kundi moja la dansi la jamii, limesajiliwa kama shirika lisilo la faida, nalichangia kila mwezi kwa kadi na ni muda sasa, na kabla yao kulikuwa na kundi lingine ambalo niliachana nalo, kwa hiyo cha kulinganisha ninacho. Majina sitaji maana sijaja kumpigia mtu debe wala kumwanika mtu, nataka tu yule ambaye kidole kiko juu ya kitufe cha Changia na anasitasita ajue anaingia kwenye nini, hela inaenda wapi, na yeye anabaki na nini.

Kwa wavivu wa kusoma jibu ni hili: inalipa, ila ukichangia ukitegemea kuiona hela yako kwenye shoo utahisi umeliwa. Shoo ni kipande kidogo. Hela ya kila mwezi inanunua mazoezi, yaani zile jioni ambazo hakuna anayeangalia, taa ni za kawaida, nguo ni fulana zilizopauka na mtu anarudia hatua ile ile mpaka unachoka wewe uliyekaa.

Kwanza tuelewane ninaposema kundi la dansi la jamii. Siongelei madansa wanaocheza nyuma ya msanii kwenye video, wala kampuni kubwa za baleti zenye jumba lao na wafadhili wenye majina. Naongelea kundi lenye madansa wachache wa kulipwa ambao nusu ya kazi yao ni kufundisha na kucheza na watu wa kawaida, wazee, watoto, watu wenye ulemavu, mtu katoka kazini kachoka na hajawahi kucheza mbele za watu maisha yake yote. Na si mtindo wa juzi. Liz Lerman alianzisha Dance Exchange kule Washington mwaka 1976 akawa anapandisha wazee jukwaani pamoja na madansa waliosomea kazi hiyo. Uingereza kuna Celeste Dandeker, alikuwa dansa wa kulipwa, akaanguka akiwa jukwaani akaumia uti wa mgongo, na mwaka 1991 yeye na Adam Benjamin wakaanzisha Candoco, wenye ulemavu na wasio nao wanacheza pamoja. Brooklyn, New York, mwaka 2001 kundi la mtunga dansi Mark Morris likaanza kufundisha dansi watu wenye ugonjwa wa Parkinson, na leo madarasa ya aina hiyo yapo nchi nyingi. Sasa chukua mifano hiyo mitatu halafu niambie tiketi za nani zingelipia yote hayo.

Hapo ndipo linakujaga lile swali linaloniudhi kidogo, "kama wako vizuri si wajitegemee kwa viingilio?" Wachumi wawili Wamarekani, William Baumol na William Bowen, walilichimba hilo swali na jibu walilotoa mwaka 1966 mpaka leo halijachuja. Kiwandani ikija mashine mpya mfanyakazi mmoja anatoa bidhaa nyingi zaidi kwa saa zile zile, kwa hiyo mshahara wake unaweza kupanda na bei isiende mbali. Dansi haina mashine ya hivyo. Dansi ya watu wanane ya dakika ishirini ilitaka watu wanane na dakika ishirini enzi za mabibi zetu na leo inataka hivyo hivyo, na mazoezi ni yale yale, huwezi kuyaharakisha, lakini kodi ya ukumbi imepanda, umeme umepanda, na dansa naye ana maisha yake yanayopanda kama ya kila mtu. Pengo linaongezeka hata kama ukumbi unajaa. Kwa kundi la jamii ndio kabisa, maana wengi wao kiingilio wanakiweka chini makusudi au bure, ukisema wapandishe ili wajitegemee basi unawafukuza wale wale ambao kundi lilianzishwa kwa ajili yao.

Haya, huduma yenyewe sasa. Kujiunga ni dakika chache, jina, barua pepe, kadi, umemaliza. Lakini fungua macho kwenye fomu. Sehemu nyingi siku hizi kile kiboksi cha "kila mwezi" kinakuja kimeshawekwa tiki, wewe ulitaka kutoa mara moja unashtukia mwezi ujao imekatwa tena. Halafu kama kundi linapokea kupitia jukwaa la kuchangisha la mtandaoni, mwishoni kuna kamstari kanakuomba uongeze bakshishi, kameshajazwa asilimia fulani, hiyo hela haiendi kwa madansa hata senti, inaenda kwa wenye jukwaa, unaweza kuiweka sifuri na mchango wako ukapita vizuri tu. Ada ya kadi haikwepeki, na kwa kuwa mara nyingi sehemu ya ada ni kiasi kile kile hata utoe kidogo vipi, mchango mdogo sana unaliwa zaidi kuliko mkubwa. Kama uwezo wako ni mdogo kuna wakati kutoa mara moja kila robo mwaka kunawafikishia kingi kuliko kukatakata vipande kila mwezi, au waulize kama wana akaunti ya benki utume moja kwa moja. Mi nilipouliza walinijibu siku hiyo hiyo na wakaniambia wazi ni njia gani inawakata kidogo, hilo kwangu ni nyota nzima, maana kundi ambalo halijui makato yake lenyewe linakuwa halijui na vingine.

Mambo ya kodi yanategemea uko wapi. Uingereza kuna Gift Aid, mlipa kodi akishakubali kwenye fomu basi kwa kila pauni anayotoa shirika linadai peni 25 za ziada kutoka serikalini na yeye haongezi kitu. Marekani mchango unaweza kukupunguzia kodi, ila kama umepewa kitu kwa huo mchango, tuseme mlo wa usiku kwenye hafla yao, thamani ya huo mlo inatolewa kwanza ndio kinachobaki kihesabike. Na huko mashirika mengi ya aina hii hujaza kila mwaka fomu inaitwa 990 ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, mapato, matumizi, mpaka malipo ya wakubwa. Kwingine omba ripoti ya hesabu zilizokaguliwa. Wakianza kujiuma uma, jibu umeshapata.

Tuje kwenye hela inaenda wapi, hapa ndio patamu. Nilidhani mavazi. Kila mtu anadhani mavazi kwa sababu ndio tunayoyaona. Kumbe mnyonyaji mkubwa ni ukumbi wa mazoezi, unakodiwa kwa saa, na kundi la jamii linatumia saa nyingi kuliko kundi la kawaida kwa sababu mtu asiyesomea dansi anahitaji muda, na mzee anahitaji kupumzika katikati, na huwezi kumwambia haraka haraka mama tunalipia ukumbi hapa.

Halafu sakafu. Sakafu peke yake ni somo. Sakafu ya dansi inayofaa ina mbao chini yake zilizopangwa zibonyee kidogo mtu akitua, na juu wanatandika zulia la vinili lisiloteleza sana wala kunata sana. Ukirukaruka kwenye zege miezi na miezi miundi inaanza kuwaka moto, magoti yanalalamika, na mifupa inaweza kupata nyufa ndogo ndogo ambazo dawa yake ni kukaa tu usicheze. Dansa wa kulipwa akikaa nje kundi dogo halina wa kumweka. Sasa nani anapenda kuchangia sakafu? Hakuna picha ya kupiga, ukiipiga picha ni sakafu. Lakini mi kama ningekuwa na hela ya kumwaga ningeanzia hapo.

Kuna malipo ya madansa na koriografa, yaani mtunga dansi, na hapa nataka niseme kitu. Wapo wachangiaji wanaona kulipa madansa ni kama kula hela ya sadaka, eti si wanapenda kucheza, wajitolee. Bwana weee. Mtu anayefundisha darasa la watoto asubuhi, la wazee mchana, halafu mazoezi yake jioni, ulitaka ale nini? Wakijitolea wote kitakachotokea ni kwamba watabaki wale tu ambao nyumbani kuna mtu wa kuwalisha, na kundi linaacha kuwa la jamii bila hata mtu kutangaza.

Vingine ni vidogo vidogo lakini vinajaa. Muziki, ukipiga wimbo wa mtu hadharani kuna leseni ya hakimiliki, na ukitumia wapiga muziki wa moja kwa moja nao wanalipwa. Bima. Sanduku la huduma ya kwanza. Usafiri wa anayetumia kiti cha magurudumu. Mtu mzima wa ziada darasani kunapokuwa na watoto, ambaye kazi yake si kufundisha ni kuwepo tu na kuangalia, hilo kundi langu wanalo na limo kwenye bajeti, nililipenda sana.

Ripoti zao sasa. Kila robo mwaka wanatuma ukurasa mmoja, sio kitabu chenye picha zinazong'aa, ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotoka, nini kimefanyika, nini kimekwama. Hicho cha mwisho ndicho kilichonishika. Kuna ripoti waliandika wazi kwamba darasa la wazee la asubuhi lilikuwa linakosa watu, wakafuatilia wakagundua ni ngazi, ukumbi ulikuwa juu na wazee walikuwa wanaona aibu kusema kwamba hawaziwezi, kwa hiyo wakahamia ukumbi wa chini ambao ni ghali zaidi na ndio maana bajeti ya ukumbi imepanda. Hiyo ni ripoti. Nimejua tatizo, nimejua hela imeenda wapi, na nimejua kuna mtu pale anauliza maswali. Linganisha na zile barua za "kwa msaada wako tumegusa maisha ya mamia" ambazo ukizikamua hazitoi tone.

Ambazo ndizo nilikuwa napata kwa lile kundi la kwanza. Nisiwe mchoyo, shoo zao zilikuwa nzuri kweli, kali, unatoka umesisimka. Lakini ukishachangia unakuwa kama umedondosha jiwe kisimani. Risiti hakuna mpaka uombe. Barua pepe zinakuja tu wakitaka kuongezewa, na kila mara ni dharura, mwezi huu ni dharura, mwezi ujao ni dharura kubwa zaidi, mpaka unajiuliza hivi hawa wana bajeti au wana kengele ya moto. Kilichonitoa kabisa ni picha za watoto. Walikuwa wanaweka picha kubwa ya mtoto, jina lake, na stori ya nyumbani kwao ilivyo na shida, ili watu tulainike tutoe. Mtoto amekuja kujifunza kucheza, siku moja atakuwa mkubwa atafute jina lake mtandaoni akute shida za mama yake zimetumika kama bango. Niliwaandikia, wakanijibu kwamba picha za namna hiyo ndizo zinazoleta hela. Nikajitoa, na kujitoa kwenyewe hakukuwa na kitufe, ilibidi niandike barua pepe tena na tena halafu mwishowe niende benki kuzuia. Kwa hiyo kabla hujajiunga popote tafuta kwanza mlango wa kutokea uko wapi. Kundi langu la sasa kiungo cha kusitisha kipo chini ya kila barua pepe, na nimeshakitumia kupunguza kiasi nilipokuwa nimebanwa, hakuna aliyenipigia kunilaumu.

Kuna ugonjwa mwingine wa wachangiaji, kuuliza "asilimia ngapi inaenda kwenye utawala?" halafu anayesema ndogo ndio mshindi. Nilikuwa nauliza hivyo hivyo pia, watu wote tunauliza. Lakini mwaka 2013 GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, ambao ndio hao hao watu wanaowategemea Marekani kukagua mashirika ya misaada, waliandika barua ya wazi kwa wachangiaji wakisema hiyo asilimia peke yake ni kipimo kibovu. Na ukikaa na kundi dogo unaona kwa nini. Utawala ni yule dada anayepanga ratiba, anayejaza fomu za ruzuku, anayehakikisha leseni ya muziki imelipwa na risiti yako imefika. Ukimnyima mshahara hizo kazi hazipotei, anazifanya koriografa saa tano usiku, vibaya, na kesho yake mazoezi yanachelewa. Mi siku hizi nauliza kitu kingine, nauliza mna akiba ya miezi mingapi.

Kwa nini akiba? Mcheki Dance Theatre of Harlem. Arthur Mitchell, aliyekuwa dansa mkuu wa kwanza mweusi wa New York City Ballet, aliianzisha na Karel Shook mwaka 1969, baada ya Martin Luther King kuuawa, ili vijana wa Harlem, mtaa wa New York, wapate mahali pa kusomea baleti. Ikazunguka dunia, ikawa jina kubwa. Mwaka 2004 madeni yakasimamisha kampuni, madansa wa kulipwa wakakaa nje, na kampuni haikurudi jukwaani mpaka 2012. Sifa ilikuwepo, watazamaji walikuwepo, kilichokosekana ni hela za kawaida za kila siku. Ila angalia hili, kampuni ikiwa nje ya jukwaa miaka hiyo, shule yao iliendelea kufundisha watoto. Sasa kama kampuni yenye jina lile inaweza kusimama miaka kadhaa, kakundi kenu ka mtaani kenye akiba ya mwezi mmoja kanaishije mwenye ukumbi akipandisha kodi?

Ndio maana mi mchango wangu nimeuacha bila masharti. Wana kale kaswali kwenye fomu, ungependa mchango wako utumike wapi, kuna mavazi, kuna ziara, kuna "panapohitajika zaidi". Weka hiyo ya mwisho. Najua haina raha, mavazi utayaona utasema hilo gauni la bluu pale mkono wangu upo, lakini hela iliyofungwa kwenye mavazi hairuhusiwi kulipa umeme, na nimesikia watu wa makundi wakilia kwamba wana kabati limejaa nguo na hawana pa kuzichezea. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na tunaendelea kutunza hivyo hivyo, aliye mbele kwenye mwanga ndiye anayepata. Anayefungua ukumbi saa kumi na moja jioni hatunzwi na mtu.

Hili la vitu badala ya hela niliseme haraka. Viatu vya zamani, nguo, spika iliyokufa upande mmoja. Uliza kwanza. Kiatu cha dansi kilichokwisha kimekwisha, viatu vya ncha vya baleti kwa madansa wa kulipwa vinaweza kufa ndani ya shoo moja, sembuse ulivyovitunza kabatini miaka. Kinachosaidia kweli ni utaalamu, kama wewe ni mhasibu au fundi umeme au unajua kuandika maombi ya ruzuku, saa zako chache zinaweza kuwa na thamani kuliko mchango wako wa mwaka, ila nazo uzitoe kwa kujipanga sio unaahidi halafu simu huipokei.

Sasa unapata nini wewe. Zawadi zao ni za kawaida, fulana, jina kwenye karatasi ya shoo, siti ya mbele. Fulana kwa kweli sijawahi kuivaa nje na ningependa waache kuzitengeneza, kila mwaka wanauliza saizi na kila mwaka naandika sihitaji na inakuja. Siti ya mbele kwenye dansi si sifa, unaona miguu tu huoni mpangilio wa watu, kaa katikati au nyuma kidogo utanishukuru.

Kitu cha maana ni mazoezi ya wazi. Wachangiaji tunaruhusiwa kwenda kukaa pembeni mwa ukumbi siku kadhaa kwa mwaka, simu mfukoni, hakuna kupiga picha. Nilivyoenda mara ya kwanza nilitegemea kuona kashoo kadogo, nikakuta wanagombana na hesabu ya nane, ile ya kuhesabu moja mpaka nane ili wote waende pamoja. Kuna sehemu dansa kijana anatakiwa amwegemee mzee mmoja mgongo kwa mgongo wote wawili washuke chini taratibu, na haikubali, kijana anaogopa kumwachia uzito, mzee anamwambia niegemee bwana mi si yai. Koriografa hakuwaonyesha chochote, aliwaambia tu waanze kuhesabu kwa sauti wenyewe, na wakaanza kukosea pamoja badala ya kukosea kila mtu kivyake, na baada ya muda ikakubali, na hapo hapo wakaambiwa warudie. Nilikaa pale muda mrefu sana nikiangalia watu wawili wanashuka sakafuni. Baadaye kwenye shoo hicho kipande kilipita ndani ya sekunde chache, jirani yangu alikuwa anaangalia simu hata hakukiona, mi nilikuwa nataka kusimama nishangilie. Kama kuna kitu kimoja kinanifanya nisisitishe malipo ni hicho, unaanza kuona kazi, sio matokeo peke yake.

Lawama zangu kwao ninazo pia. Moja ni barua ya kuomba michango waliyotuma ikisema dansi inazuia ugonjwa wa kusahau kwa wazee, utafiti umethibitisha. Utafiti wanaousemea naufahamu, ulichapishwa mwaka 2003 kwenye New England Journal of Medicine, waliwafuatilia wazee 469 wa zaidi ya miaka 75, na kweli kwenye shughuli za mwili dansi ndiyo pekee iliyoonekana kwenda pamoja na hatari ndogo ya ugonjwa huo. Lakini kwenda pamoja si kuzuia. Inawezekana anayeanza kusahau ndiye anayeacha kucheza mapema, na wacheza dansi kwenye hesabu ile hawakuwa wengi. Niliwaandikia, wakasema watabadilisha maneno, barua iliyofuata walibadilisha kidogo, sio sana. Hawahitaji kutia chumvi, mzee anayetoka nyumbani kila wiki na kucheka na watu ni sababu ya kutosha ya mimi kutoa hela, sihitaji kuahidiwa dawa.

Lingine ni mwanzilishi. Kundi zima limekaa mabegani kwa mtu mmoja, yeye ndiye anatunga, anafundisha, anaongea na wafadhili, funguo za stoo anazo yeye. Kwenye dansi hili ni jambo zito kuliko unavyodhani kwa sababu kazi inaishi ndani ya mwili na kichwa cha mtu. Merce Cunningham, mtunga dansi wa Kimarekani, alilijua hilo, kabla hajafariki mwaka 2009 walishaweka mpango, kampuni yake ikafanya ziara ya kuaga ya miaka miwili, ikafunga rasmi tarehe 31 Desemba 2011 New York, na kazi zake zikaachwa zimetunzwa vizuri ili wengine wazicheze. Mwaka huo huo 2011 Liz Lerman niliyemtaja juu akaondoka Dance Exchange akiwa hai na nguvu zake, akawaachia wengine, na kundi likaendelea bila yeye. Njia mbili tofauti na zote ni sawa kwangu, maana mchangiaji alijua anachangia kufunga vizuri au anachangia kuendelea. Nisichotaka ni kuchangia bila kujua.

Kwa hiyo nampa nani nyota ngapi. Kundi langu wanapata nne kati ya tano, na sehemu kubwa ya hizo nne ni ule ukurasa mmoja wa kila robo mwaka na yale mazoezi ya wazi. Lile la kwanza shoo ningewapa tano na huduma kwa mchangiaji moja. Kwa anayeanza nashauri utoe mara moja kwanza, kiasi ambacho hata kikipotea hutalala njaa, halafu subiri uone risiti inafika lini na unaandikiwa nini miezi miwili mitatu inayofuata, ndipo uweke tiki ya kila mwezi.

Nyota ya tano nimeibana kwa sababu ya ile barua ya ugonjwa wa kusahau na kwa sababu nimewauliza nani atashika kundi mwanzilishi akichoka, wamenijibu kwamba bodi inalifanyia kazi. Wakinipa jibu lenye nyama nitakuja kuediti hapa. Na fulana nyingine imefika wiki hii, saizi ya mtoto, kama kuna mwenye kijana wa miaka kumi aseme.